Ukungu Unaomwacha Ndege Mahali Pake

Picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga ni ya korongo nyangumi aliyesimama katikati ya mafunjo ya kinamasi cha Mabamba, Uganda, mdomo wake mpana umeinamia maji na jicho lake la manjano hafifu halipepesi, na picha hiyo hiyo ndiyo niliyoiharibu kuliko nyingine yoyote nilipoihariri kwa mara ya kwanza. Nyuma ya ndege palikuwa na msongamano wa mabua makavu yaliyokatizana, majani ya yungiyungi yaliyopinduliwa na upepo, na pua ya mtumbwi mwingine wa wageni uliokuwa ukisogea. Nilimzungushia ndege mstari wa uteuzi, nikaugeuza uteuzi ili ushike kila kitu kisichokuwa yeye, kisha nikaongeza ukungu hadi nyuma kote kukawa kijani kimoja laini, mfano wa kitambaa kinachotundikwa studio wakati wa kupiga picha za mahafali.

Wiki chache baadaye nilivuka tena kutoka Nakiwogo, Entebbe, na nikamwonyesha picha ile mzee anayetuendeshea mtumbwi, ambaye alikijua kinamasi kile akiwa mvuvi, miaka mingi kabla hajaanza kuongoza watazama ndege. Zamani wavuvi wa huko walimhesabu korongo nyangumi kuwa mkosi wa uvuvi. Leo ndiye anayewaletea riziki. Mzee aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu amesimama wapi?"

"Hapa hapa, mzee, karibu na pale ulipotuzimia injini," nikamjibu.

"Hapa kuna mafunjo. Kuna maji, na kamongo anapanda juu kuvuta pumzi, ndipo huyu anamkamata. Kwenye picha hii sioni atakula nini."

Nimeyafikiria sana maneno hayo kila ninapofungua programu ya kuhariri. Kamongo ni samaki mwenye mapafu, na asipopanda juu kuvuta hewa hufa, kwa hiyo subira yote ya korongo nyangumi, kule kusimama kwake saa nzima bila kutikisika, kuna maana kwa sababu ya maji yaliyo mbele ya miguu yake. Nilipoyafuta maji na mafunjo, nilimwachia mtazamaji ndege mkubwa asiye na sababu ya kusimama. Tangu hapo ninaamini kwamba ukungu mzuri katika picha ya ndege ni ule unaosaidia kueleza ndege yuko wapi na anafanya nini, na kwamba mhariri anayeutumia kusafisha tu, hata kama mkono wake ni mwepesi, anapoteza nusu ya kile alichokifuata porini.

Ili ukungu wa kompyuta ufanye kazi hiyo, ni lazima kwanza tujue lenzi yenyewe inavyoutengeneza. Lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa kwa f/5.6 (kipimo cha upana wa tundu lake), kwenye kamera yenye sensa ndogo kama yangu, yaani kipande kinachopokea mwanga, ikimlenga ndege aliye umbali wa mita 15, hutoa eneo lenye ukali la takriban sentimita 30 tu kutoka mbele hadi nyuma. Korongo nyangumi ana urefu wa zaidi ya mita moja na mdomo mrefu, kwa hiyo sentimita hizo 30 humtosha kwa shida. Bua lililo nusu mita nyuma yake huanza kulainika, lililo mita mbili nyuma huonekana kama mchirizi, na ukuta wa mafunjo ulio mita 30 nyuma huwa wingu la rangi. Ukungu wa lenzi huongezeka hatua kwa hatua kadiri kitu kinavyoliacha eneo la ukali, kwa mbele na kwa nyuma pia, na macho yetu, hata ya mtu asiyewahi kushika kamera, yameuzoea mpangilio huo kiasi kwamba yanashtuka ukivunjwa.

Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi katika picha zilizohaririwa: kila kilicho nyuma ya ndege kimepewa kiasi kile kile cha ukungu. Ndege yuko juu ya tawi, vidole vyake vina ukali hadi kwenye kucha, lakini tawi alilolishika limeyeyuka kana kwamba liko mbali naye. Tawi hilo liko umbali ule ule na vidole, na ni lazima libaki na ukali pale vinapokutana, kisha lilainike polepole linapotoka kwenye eneo la ukali. Kwa ndege anayesimama ardhini au majini, ninachora maski, yaani kifuniko kinachoamua sehemu gani ipate ukungu, yenye mpito wa taratibu kutoka nyeusi hadi nyeupe, ili ukanda mmoja wa ardhi unaopita chini ya miguu yake ubaki safi kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Ukanda huo ndio unaomkalisha ndege duniani. Bila huo anaelea.

Kosa la pili nililigundua kwa uchungu zaidi. Hoteli moja iliniomba picha ya korongo nyangumi kwa ajili ya ukuta wa mapokezi, nami nikawapa toleo lile la kijani kilaini, likachapishwa kwa upana wa mita moja. Kwenye kioo cha kompyuta sikuwa nimeona kasoro yoyote. Ukutani, ndege alikuwa amezungukwa na utando wa kijivu wenye upana wa kidole, kana kwamba mwili wake unatoa moshi. Meneja alikuwa mwungwana na hakusema neno, lakini mimi sikuweza kuitazama, na niliichukua nikaichapisha upya kwa gharama yangu.

Sababu ya utando ule ni rahisi kuielewa ukishaambiwa. Ukungu ni wastani: programu huchukua kila pikseli na kuichanganya na jirani zake. Katika ukungu wa Gauss, unaoitwa kwa jina la mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliyeishi kati ya 1777 na 1855, majirani wa karibu hupewa uzito mkubwa na wa mbali hupewa uzito mdogo, kwa kufuata mkunjo wenye umbo la kengele. Sasa ukitia ukungu kwenye safu, yaani nakala ya picha inayowekwa chini au juu ya nyingine, ambayo ndege bado yumo, pikseli za kijani zilizo kando ya bega lake zitachanganywa na kijivu cha bega hilo, na rangi ya ndege itavuja kwenda nje. Halafu unapomrudisha ndege mwenye ukali juu yake, uvujaji ule unabaki umemzunguka.

Dawa ni kumwondoa ndege kabla ya kutia ukungu. Siku hizi ninanakili picha mara mbili. Kwenye nakala ya chini ninamteua ndege, ninaupanua uteuzi kwa pikseli 15 au 20 kwenda nje, kisha ninaijaza sehemu hiyo kwa mafunjo na maji yaliyochukuliwa pembeni kwa zana ya kunakili, bila kujali sana usafi, kwa kuwa ukungu utafunika mishono yote. Ninapata picha ya kinamasi kisicho na ndege. Hapo ndipo ninapotia ukungu, na juu yake ninaiweka nakala ya pili yenye ndege, ikiwa na maski ambayo ukingo wake umelainishwa kwa pikseli moja au mbili tu. Kazi hii hunichukua kama dakika 40 kwa picha moja, na nathubutu kusema ni dakika zenye thamani kuliko vichujio vyote vya kubofya mara moja nilivyowahi kujaribu, kwa sababu ninapojaza nafasi ya ndege kwa mafunjo ninalazimika kuyatazama mafunjo yenyewe: mabua yanainamia upande gani, mwanga unatoka wapi, maji yanaanzia wapi.

Kuhusu ukubwa wa ukungu, ninaupima kwa picha kamili, sipimi kwa nakala ndogo. Kipenyo cha pikseli 30 kwenye picha yenye upana wa pikseli 6,000 ni kiasi cha wastani. Kwenye nakala ya pikseli 1,200 kiasi hicho hicho hufuta kila kitu. Baada ya ukungu ninarudisha chenga kidogo, yaani vipunje vidogo ambavyo sensa huviacha kwenye picha, kwenye sehemu iliyolainishwa. Ndege aliyepigwa alfajiri ana chenga za sensa mwilini mwake, na nyuma iliyolainishwa haina hata moja, na tofauti hiyo huonekana haraka kwenye karatasi hata kama mtazamaji hawezi kuitaja. Chenga hizo husaidia pia anga lisikatike vipande vipande kama ngazi, jambo linalotokea sana kwa anayehariri faili la biti 8, lenye ngazi chache za rangi, badala ya kuanza na faili ghafi la kamera na kufanya kazi katika biti 16, zenye ngazi nyingi zaidi.

Kuna jambo jingine linalohusu maji. Mawimbi madogo ya Ziwa Viktoria saa mbili asubuhi yana vimulimuli vya jua, na lenzi halisi huvigeuza vimulimuli hivyo kuwa visahani vya mwanga, ule uzuri ambao Wajapani waliupa jina la boke. Ukungu wa Gauss hauwezi kukupa visahani. Wenyewe huvigeuza vimulimuli kuwa madoa ya kijivu. Chanzo kimoja ni umbo la kengele nililolitaja, na ndiyo maana programu nyingi zina aina ya pili, ukungu wa lenzi, unaotumia umbo la duara lenye ukingo. Chanzo cha pili ni hesabu: namba zilizomo katika picha ya kawaida zimebanwa ili zilingane na macho yetu, na wastani unaopigwa kwa namba zilizobanwa huudhulumu mwanga mkali. Hesabu ikifanywa kwa kiasi halisi cha mwanga, kimulimuli kimoja hubaki na nguvu yake hata baada ya kutandazwa. GIMP, programu ya bure ninayoitumia, ilianza kufanya hesabu kwa njia hiyo katika toleo la 2.10 la mwaka 2018, na nilipoihariri upya picha moja ya furukombe niliyokuwa nimeihariri kwa toleo la zamani, maji yaliyokuwa yamekufa nyuma yake yaliwaka tena.

Ndege aliyenisumbua kuliko wote katika kuchora maski ni korongo taji, yule aliye katikati ya bendera yetu tangu 1962. Kishungi chake ni mamia ya nyuzi ngumu za rangi ya dhahabu, nyembamba kuliko pikseli chache, na kati ya kila uzi na mwenzake mandhari ya nyuma inachungulia. Ukizikata nyuzi hizo kwa brashi, ndege anavaa kofia. Ukiziacha pamoja na kilicho kati yake, taji linakuwa na kipande cha nyasi chenye ukali ndani yake huku nyasi nyingine zote zimelainika. Njia iliyonifaa ni kuitumia rangi yenyewe: ikiwa nyuma ya kichwa ni anga jeupe au la buluu, chaneli ya buluu, yaani picha ya kijivu inayoonyesha kiasi cha buluu tu, huonyesha dhahabu ikiwa nyeusi na anga likiwa jeupe, na chaneli hiyo, baada ya kuongezewa utofauti, tayari ni maski yenye kila uzi mahali pake. Nyuma ikiwa ni majani mabichi njia hiyo haifanyi kazi, kwa kuwa dhahabu na kijani zote ni nyeusi katika chaneli ya buluu. Kwa sababu hiyo siku hizi, nikiwa shambani, ninapiga magoti ili kichwa cha korongo taji kipande juu ya mstari wa miti na kuingia angani. Uhariri umenifundisha mahali pa kuweka magoti yangu.

Hadi hapa nimezungumzia ukungu wa umbali. Ukungu wa mwendo ni ulimwengu mwingine, na ndio unaonivutia zaidi sasa.

Mdiria mweusi kwa mweupe wa Mfereji wa Kazinga, magharibi mwa Uganda, huning'inia hewani juu ya maji kabla ya kujitosa, mabawa yakipiga kwa kasi huku kichwa kikiwa kimetulia kana kwamba kimepigiliwa msumari. Nikimpiga kwa kasi ya sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, kila unyoya unasimama, na picha inakuwa sahihi lakini baridi, kama ndege aliyekaushwa wa makumbusho. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey, mchunguzi wa viungo vya mwili, alitengeneza bunduki ya kupigia picha iliyonasa picha 12 kwa sekunde, akaitumia kuchunguza namna ndege wanavyoruka, na baadaye akazipanga hatua za ndege mmoja juu ya bamba moja. Ukizitazama picha hizo zilizopandana unaona kwamba ncha ya bawa husafiri njia ndefu, kiungo cha katikati njia fupi zaidi, na bega karibu halisogei. Ninaufuata mpangilio huo huo: ukungu wa mwendo wenye nguvu kwenye ncha za mabawa, ukipungua kuelekea begani, na kichwani hakuna kabisa. Zana ya kuchora njia ya ukungu kwa mkunjo, iliyoingia katika Photoshop mwaka 2014, hufanya hivyo vizuri kuliko ukungu wa mstari mnyoofu, maana bawa halisafiri kwa mstari mnyoofu. Bado sijaridhika na picha yangu ya mdiria. Mkunjo wa bawa la kushoto unaonekana kuchorwa, na nadhani itanibidi nirudi Kazinga nipige kwa kasi ndogo, sehemu moja ya 125 hivi, ili nione bawa lenyewe linaacha alama gani.

Njia ninayoitetea kwa moyo wote, kwa kuwa ukungu wake haubuni chochote, ni ya wastani wa fremu nyingi, na niliijaribu kwa ndege anayedharauliwa kuliko wote mjini Kampala, yaani kongoti, ambaye huku tunamwita kaloli. Wengi hawamwoni tena, ingawa amesimama juu ya nguzo za taa na mapaa kila siku, akiwa na kipara chake na mfuko wake wa shingoni. Nilimkuta mmoja juu ya nguzo ya taa jioni, chini yake barabara imejaa. Niliisimamisha kamera kwenye miguu mitatu na kupiga fremu 24 bila kubadilisha chochote, kwa muda wa dakika mbili hivi.

Nyumbani nilizipanga fremu zote kama safu, ya chini kabisa nikaipa kiwango cha kufunika kilicho chini yake cha asilimia 100, ya pili 50, ya tatu 33, ya nne 25, na kuendelea hivyo, ili kila fremu ichangie sawa na nyingine. Zipo programu zenye amri ya wastani inayofanya hesabu hiyo yenyewe. Matokeo yake ni kwamba kilichotulia kimebaki, na kilichopita kimeacha kivuli. Bodaboda zilitoweka karibu zote, zikabaki taa zao nyekundu kama shanga. Taksi, ambazo rangi yake ni nyeupe na mkanda wa viraka vya buluu, zilijipanga kuwa utepe mmoja mrefu wa weupe na buluu unaopita chini ya nguzo. Chenga za jioni zilipungua hadi kama moja ya tano. Kaloli alibaki, isipokuwa kichwa, ambacho alikigeuza mara mbili ndani ya dakika zile, kwa hiyo nikakichukua kutoka fremu moja kwa maski ndogo. Picha ile inaonyesha jiji linalokimbia na ndege aliyetulia juu yake, na mtu akiniuliza amesimama wapi, nitamjibu bila kusita: Barabara ya Jinja, Kampala, saa kumi na mbili jioni.

Kwa kuwa nimetaja kubuni, ni haki niseme pia ninapoweka mpaka wangu. Mashindano makubwa ya picha za wanyamapori, kama yale yanayoandaliwa na Natural History Museum ya London, hayaruhusu kuongeza wala kuondoa vitu katika picha, na picha yenye kinamasi kilichojazwa kwa mkono nyuma ya ndege haina nafasi huko. Picha ninazochapisha kwa ajili ya ukutani huwa ninaandika nyuma yake, kwa kalamu, nilichokifanya: mandhari imelainishwa, mtumbwi umefichwa, fremu 24. Hakuna mteja aliyewahi kuirudisha kwa sababu ya maandishi hayo.

Picha ya Mabamba nimeihariri upya mwezi uliopita, nikianza na faili ghafi. Ukuta wa mafunjo ulio mbali umelainika sana, na pua ya mtumbwi imemezwa humo. Mabua matatu yaliyo karibu na ndege nimeyaacha yatambulike, mawili yakiwa yamelainika kidogo na moja, lililo sambamba na bega lake, likiwa na ukali wote hadi kwenye kichwa cha bua hilo chenye nyuzi. Jani moja la yungiyungi kwenye kona ya kushoto bado linanisumbua, na kila ninapolitia ukungu linaonekana zito kuliko kabla. Mbele ya miguu yake nimeacha ukanda wa maji meusi, wa kina cha kiganja tu, usio na ukungu hata kidogo, na katikati yake kuna duara dogo la wimbi ambalo awali sikuwa nimeliona kabisa. Mzee alipoiona aliweka kidole chake juu ya duara hilo, akasema, "Alikuwa anapanda."